Majivu ya Nguzo ya Tatu

Alhamisi ya tatu ya Julai, saa mbili na nusu asubuhi. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, lakini mawingu yalikaa chini juu ya bonde, na kuta za Abasia ya Arnbeck, magofu ya nyumba ya watawa na kanisa lao, zilikuwa bado zinatiririka maji. Tulifunua maturubai, tukamwaga maji yaliyotuama juu yake, tukashuka mtaroni.

Tulikuwa wanne katika ukumbi wa kanisa lile lisilo na paa. Dokta Stainforth alikuwa mkuu wa uchimbaji wa mambo ya kale. Dilwyn Prosser alikuwa mchimbaji kutoka Wales. Alikuwa amepiga magoti katika nusu ya makanisa yaliyobomoka ya Uingereza na, kwa maneno yake mwenyewe, hajawahi kusali hata katika moja. Enid Horsfall alikuwa mjane wa kijijini aliyejitolea kutusaidia, na kama wazee wa kule, alimwita kila mtu "mpenzi". Mimi nilikuwa msimamizi wa mtaro. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba kila tabaka la udongo linapigwa picha, linachorwa na kupewa namba kabla halijaondolewa.

Nitaeleza mapema jambo ambalo asubuhi ile Enid peke yake alilijua. Mumewe, Wilf, alikata nyasi za abasia ile kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mchana alikula mkate wake akiwa ameegemea kisiki cha nguzo ya tatu, upande wa kaskazini, kwa sababu jua lilifika pale kabla ya kufika mahali pengine popote. Alipougua alimwambia mkewe amweke pale. Alipokufa na mwili wake kuchomwa, Enid alikwenda abasia Jumapili moja alfajiri, akakata pande la nyasi na mizizi yake kwa sepetu ya mumewe, akachimba shimo la kina cha mkono, akamimina majivu, akarudisha pande lile na kulikanyaga. Hakuomba ruhusa, kwa kuwa asingepewa. Magofu yale yanalindwa na sheria, na mtu anayechimba humo bila kibali, hata kama ni shimo la kupandia ua, anaweza kufikishwa mahakamani.

Miaka minne ilipita. Kisha Dokta alisimama katika ukumbi wa kijiji na kutangaza kwamba msimu wetu wa mwisho ungeufikisha mtaro kwenye nguzo ya tatu. Enid alijiandikisha kesho yake. Aliomba kona ya nguzo, nami nikampa bila kuuliza. Alikusudia kumfikia Wilf yeye mwenyewe, amtie ndani ya mfuko wake na amrudishe nyumbani, mtu mwingine asije akamwona ni udongo tu. Lakini mtaro haukuwahi kuwa na mtu mmoja. Kwa hiyo kwa wiki nzima alikwangua pembezoni, akaiacha katikati.

Dokta naye alikuwa na shauku yake. Mwaka 1538 watu wa mfalme waliifunga abasia na kuwafukuza watawa. Walibandua madini ya risasi yaliyofunika paa, wakayayeyusha pale pale sakafuni kwa kuni za viti vya mbao ambavyo watawa walikuwa wakivikalia kusali. Mahali pa moto kama huo pamepatikana katika abasia nyingine. Arnbeck hapakuwa pamepatikana, na Dokta alikuwa amepatafuta msimu baada ya msimu. Alitaka kuweka kidole mahali hasa ambapo kanisa lile lilikufa. Keshokutwa tulikuwa tunafukia.

"Bibi Horsfall," Dokta alisema asubuhi hiyo, "leo nakuomba ukatusaidie kuosha vigae."

Enid hakuinua kichwa. "Namaliza kona yangu, Dokta. Niachie tu."

"Uliniambia hivyo Jumatatu."

"Jumatatu nilikuwa naongopa. Leo nasema kweli."

Dilwyn alicheka. "Mwache, bwana mkubwa. Watawa walichukua miaka mia kulijenga kanisa hili, yeye unamnyima wiki moja ya kulikwangua?"

"Wewe nyamaza," Enid akamwambia. "Ukikwangua wewe, ng'ombe anaweza kudhani analimiwa malisho."

"Sikiliza huyo! Na chai yake nimekuwa nikiisifu kila siku."

"Bibi Horsfall," Dokta alirudia, kwa upole zaidi, "magoti yako yanakusumbua, na udongo umelowa. Dilwyn atakushikia kona."

Enid alisimama polepole. Alimtazama Dilwyn, akanitazama mimi. Nilidhani amechukia kunyang'anywa kazi, na nikamwambia kwamba vigae navyo vina umuhimu wake. Alifuta mwiko wake wa kukwangulia kwa kitambaa, akautia mfukoni, akaenda kwenye meza za kuoshea, ambazo zilikuwa nje ya ukuta, karibu na lango la zamani. Kutoka kule mtaro hauonekani.

Dilwyn hakukawia. Alipofanya kazi kwa muda mfupi tu aliita, na sauti yake haikuwa na mzaha.

Palikuwa na duara la majivu, la upana wa sinia la chakula, karibu kabisa na kisiki cha nguzo. Majivu yalikuwa ya kijivu hafifu, yameshikamana kwa unyevu, yamejaa chembe nyeupe. Dokta alipiga magoti bila kutafuta mto wa kuwekea magoti. Alichukua chembe moja kwa ncha ya kisu, akaisugua kati ya vidole.

"Chokaa," alisema. "Chokaa ya ukutani, imeungua. Tazameni pembeni hapa, udongo umekuwa mwekundu. Hapa palikuwa na moto mkali."

Nilitazama, na nilikubaliana naye. Katika kanisa lililobomolewa chembe nyeupe ni chokaa mara mia kabla hazijawa kitu kingine. Udongo mwekundu nao haukuwa na shaka. Mtu yeyote aliyefundishwa kazi hii angesoma vile tulivyosoma. Tulikuwa tunautafuta moto wa mwaka 1538, na mbele yetu palikuwa na majivu.

"Au ni majivu ya abati, mkuu wa watawa mwenyewe," Dilwyn alisema, akirudiwa na furaha. "Inaonekana mzee alivuta sana kiko."

"Tumbaku ilikuwa haijafika Uingereza," Dokta akasema.

"Basi ndiyo maana alikufa kwa huzuni."

Dokta alicheka, jambo ambalo si la kila siku. Kisha tukafuata utaratibu. Tulipiga picha na kuchora. Tulikata nusu: nusu moja ya majivu ilichotwa na nyingine ikaachwa mahali pake, ili ukuta wa mkato uonyeshe jinsi shimo lilivyojazwa. Nusu iliyochotwa ilitiwa ndani ya ndoo. Dilwyn aliibeba hadi kwenye tangi la kuchekechea, ambamo maji yanayopanda kutoka chini huinua makaa na mbegu hadi juu ya chekeche, na maji machafu hutoka kwa bomba kuelekea kijitoni. Makaa ndiyo yangetueleza umri wa moto. Aliwasha pampu, akamwaga ndoo, akarudi kwetu akipangusa mikono.

Saa nne Enid alileta chai. Alikuja na sinia kupitia mlango wa magharibi, na Dokta akamwona.

"Bibi Horsfall! Njoo, njoo uone. Kona yako! Wiki nzima umekaa juu yake!"

Enid alisogea hadi ukingoni. Aliliona shimo lililokatwa nusu, safi kama kipande cha keki. Vikombe viligongana juu ya sinia.

"Nusu nyingine iko wapi?" aliuliza.

"Tangini. Dilwyn ameshaimwaga. Jioni tutajua kama kuna makaa ya—"

"Huyo ni Wilf," Enid alisema.

Nakumbuka kwamba Dokta aliendelea kutabasamu kwa muda kidogo, kwa sababu maneno yalikuwa hayajamfikia.

"Mume wangu," Enid alisema. "Nilimweka hapo mwenyewe. Aliniomba."

Dilwyn alitoka mtaroni kwa kupanda ukingo wenyewe, jambo ambalo humkatazia kila mtu, akakimbia. Tulisikia pampu ikizimika. Nilimpokea Enid sinia nikaliweka chini.

Dokta alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Bibi Horsfall, unajua umefanya nini?"

"Nimemzika mume wangu."

"Umechimba shimo katika sakafu ya kanisa. Bila kibali. Bila kumwambia mtu. Miaka yote hii natafuta—" Aliinama tena, akatazama mkato wa shimo, na safari hii aliutazama kama tulivyopaswa kuutazama tangu mwanzo. Kingo zilikuwa kali na nyoofu, zimekatwa na chuma kipya. Chembe nyeupe zilikuwa mifupa, na udongo mwekundu haukuwa umetokana na majivu yale. Ulikuwa wa zamani, umetandaa pande zote sakafuni, na shimo lilikuwa limeutoboa katikati. "Moto upo," alisema taratibu. "Ni huu hapa. Na wewe umepita katikati yake."

Enid alishika kisiki cha nguzo. "Sikujua, Dokta."

"Usingeweza kujua. Ndiyo maana hairuhusiwi."

"Wilf naye asingekubali, lau angejua. Angenigombeza kabla yako."

"Lakini hakujua, na wewe hukuuliza."

"Ningemuuliza nani?" Sauti yake ilipanda. "Wewe mpenzi wangu umewatoa watu humu. Kule nyuma ya kuta, upande wa makaburi yao, nimeona masanduku ya mifupa. Watawa. Uliwauliza?"

"Nilikuwa na kibali."

"Cha kwao?"

Mvua ilianza tena, nyepesi, na matone yakaanza kuacha alama nyeusi juu ya majivu yaliyobaki. Enid aliyaona matone. Alivua koti lake, akataka kushuka ayafunike.

Hapo nilisema nililokuwa nalo, na halikuwa jambo la busara kubwa. Ni kanuni ya kwanza tunayofundishwa. Kilichoingia ardhini mwisho ndicho hutolewa kwanza. Shimo la Enid lilikuwa tukio la mwisho katika kona ile, kwa hiyo lilipaswa kutolewa lote, kwa uangalifu, kabla hatujagusa moto ulio chini yake. Lilipaswa kuwa na namba yake, mchoro wake na maelezo yake. Nilisema kwamba Enid ndiye alikuwa akiichimba kona hiyo, na kwamba sikuona sababu ya kumbadilisha.

Dokta alinigeukia. "Na maelezo yaseme nini?"

"Kilichopo."

"Nikiandika kilichopo, Bibi Horsfall, ofisi ya mambo ya kale itasoma. Wanasoma kila kitu. Wanaweza kukushtaki." Alipangusa miwani yake iliyolowa, akaivaa, akaivua tena. "Ninaweza kuandika kwamba ni shimo la kisasa. Hilo ni kweli. Mashimo ya kisasa yapo kila mahali, ya vigingi, ya sungura, ya mabomba. Hakuna atakayeuliza."

"Na Wilf?"

"Hatatajwa."

"Kwa hiyo vitabuni atakuwa kama sungura."

"Nakuambia hivi kwa faida yako."

"Najua, mpenzi. Ahsante." Enid alijifuta uso kwa mkono, akabakiza tope shavuni. Alifikiri. Sote tulimngoja, na nilitambua kwamba nilitaka akubali. Nilitaka akubali aende zake na sisi tumalize kazi yetu. "Usipoandika jina lake, ni kama sikumleta kabisa," alisema. "Nilimleta kwa kujificha kama mwizi. Nisimtoe kwa kujificha pia. Mwandike."

"Una hakika?"

"Wilfred Horsfall. Mkata nyasi. Waniite mahakamani wakitaka, nitavaa kofia yangu ya harusi za watu."

Dokta aliinamisha kichwa. Kisha alichukua turubai dogo, akalishika ncha mbili, akanionyesha kwa macho nishike ncha nyingine. Tulilitandaza juu ya kona. Enid alishuka chini yake, akapiga magoti, akatoa mwiko mfukoni.

Alifanya kazi kama tulivyomfundisha. Hakupapasa kwa mikono, wala hakuharakisha. Alianzia katikati akaelekea kingoni, akatoa kidogo kidogo, akayatia majivu ndani ya chombo cheupe chenye kifuniko. Aliposhindwa kutambua majivu yanaishia wapi na udongo mwekundu unaanzia wapi, aliniuliza, nikamwonyesha. Wakati mmoja alisita, mwiko ukiwa hewani. Nilidhani amechoka. Alikuwa anazungumza, lakini si na sisi. Dokta aligeuza uso upande wa kijito, akatazama huko hadi Enid alipomaliza. Mikono yangu iliuma kwa kushika turubai, na ya Dokta bila shaka iliuma zaidi, kwa kuwa alikuwa mzee kuliko mimi, wala hakuishusha.

Shimo lilipokuwa tupu, Enid alisogea kando ili nipige picha. Hapo ndipo tulipouona vizuri moto wa zamani. Ulizunguka shimo kama pete, mwekundu wa matofali, na ukingoni palikuwa na tone moja la risasi lililomwagika na kuganda, dogo kuliko ukucha. Katikati, mahali ambapo makaa mazuri zaidi yangekuwa, palikuwa na umbo la sepetu ya Wilf.

"Nimekuharibia," Enid alisema.

"Umeharibu," Dokta akasema. Hakutaka kumdanganya. "Lakini pembeni kumebaki. Huenda kukatosha."

Dilwyn alirudi karibu na adhuhuri. Alikuwa amelowa hadi kifuani. Alikuwa ametoa maji yote ya tangi kwa kikombe, akayapitisha katika kitambaa chembamba kuliko chekeche zetu zote, akarudia na tope la chini, akarudia tena. Alibeba kitambaa kile kwa mikono miwili. Ndani yake palikuwa na donge la kijivu, lisilotosha kujaza bakuli.

"Mama," alisema. Sikuwahi kumsikia akimwita mtu hivyo. "Nimechuja mpaka maji yametoka meupe. Hiki ndicho nilichopata. Kilichotangulia kimekwenda."

"Kimekwenda wapi?"

"Na maji. Kijitoni. Nilikuwa nimewasha pampu kabla hujaja." Midomo yake ilikuwa ya bluu kwa baridi. "Na nilifanya mzaha. Wa kiko. Wewe hukuwepo, lakini ni haki yako kujua."

Enid alikipokea kitambaa. Alikitazama, kisha akamtazama Dilwyn, jitu zima linalodondoka maji.

"Wilf hakujua kuogelea," alisema. "Kila mwaka nilimwambia akajifunze, na kila mwaka alisema yeye ni mtu wa nchi kavu." Alitikisa kichwa. "Na kiko alivuta, mpenzi. Kilinuka hadi kwa jirani."

Dilwyn alitaka kucheka, akashindwa. Aliketi juu ya ukingo wa toroli akajifunika uso. Enid aliweka kitambaa juu ya majivu mengine ndani ya chombo, akafunika, akakaa karibu na Dilwyn.

Nilijaza karatasi ya shimo. Mahali pa maelezo niliandika kwamba ni shimo la kisasa lililokatwa kwa sepetu, lenye majivu ya Wilfred Horsfall, mkata nyasi wa abasia hii, yaliyowekwa na mkewe, na kwamba limekata mahali pa kuyeyushia risasi pa karne ya kumi na sita. Dokta aliisoma mara mbili. Alibadilisha koma moja, akatia saini.

Hatukunywa chai ile. Ilikuwa imejaa maji ya mvua.

Alasiri hiyo Dokta Stainforth alimpigia simu mkaguzi wa mambo ya kale, akamweleza yote bila kupunguza. Aliambiwa kwamba majivu hayawezi kurudishwa ndani ya magofu, na kwamba mjane ataandikiwa barua ya onyo. Kesho yake alichukua makaa ya pembezoni mwa moto kwa mikono yake mwenyewe. Maabara ilijibu Novemba kwamba yalikuwa machache mno kutoa tarehe ya kuaminika. Aliandika ripoti yake hivyo, akastaafu.

Dilwyn Prosser alifukia mtaro Jumamosi pamoja nami, akakataa kusaidiwa kwenye kona ya nguzo. Jumatatu alikwenda kwenye uchimbaji mwingine huko Lincoln.

Enid Horsfall alipanda basi la saa kumi Alhamisi ile ile akiwa na chombo cheupe mapajani. Mwezi Septemba alimzika Wilf katika uwanja wa kanisa la kijiji, mchana, mbele ya watu. Barua ya onyo ilipofika aliijibu, akaomba msamaha kwa kuchimba bila kibali, si kwa kumweka Wilf pale.

Mimi nilipeleka michoro na karatasi zote kwenye hifadhi ya wilaya, nikaandikiwa stakabadhi, nikarudi kazini.